Mahori Saba na Wawili Pembeni

Leokadia, mdogo wangu,

Miaka yote nilifundisha kwamba barua ina anwani mbili, ya anayeandika na ya anayeandikiwa. Hii ina moja tu: Kirushya, chumba cha nyuma, kitanda kilichosogezwa dirishani ili nione migomba. Yako siijui.

Miguu imevimba hadi nimeacha kuvaa viatu. Daktari akija anaongea na mwanangu uani badala ya kuongea na mimi, kwa hiyo ninachopaswa kujua nimeshakijua. Naandika mistari michache kila asubuhi kabla mkono haujaanza kutetemeka. Usiutafute ule mwandiko wangu uliokuwa ukiucheka kwamba umesimama kama askari wa zamu. Nao umestaafu.

Nina jambo la kukuambia. Nusu yake unaijua, maana ulinitazama machoni siku ile nikisema uongo. Nusu nyingine ulikufa hujaijua, na hiyo ndiyo iliyo kubwa. Nitafika huko. Nisipokwenda polepole nitakimbia, kama nilivyokimbia siku zote.

Kwanza habari za huku. Mjukuu wangu Jovina yuko darasa la nne, na mwisho wa mwaka ana mtihani. Kuzidisha anakuimba vizuri, lakini kugawanya hakumwingii kabisa. Mwulize hamsini na sita gawanya kwa nane, atakutazama kama mgeni aliyeulizwa njia. Mama yake akaniambia, "Mama, si wewe ulikuwa Mwalimu Mkuu? Hili nalo litushinde?" Nikamkalisha mtoto kando ya kitanda, nikaanza kwa njia yangu ile ile: sema, rudia, sema tena. Alipokosa mara ya tatu nikaona mkono wangu unapapasa chini ya mto. Nilichukua muda kuelewa unatafuta nini. Ulikuwa unatafuta fimbo. Leokadia, siwezi kuinua kikombe cha uji, lakini mkono unatafuta fimbo. Mtoto akaanza kulia kabla sijamgusa.

Kesho yake nikawaambia wanitoe nje na kiti. Shamba la chini lilikuwa limeinuliwa matuta ya viazi vitamu, na marando ya kupandia yamekatwa, yamelazwa kivulini. Nikamwambia Jovina, kila tuta linataka marando sita. Hesabu marando, usihesabu matuta. Panda, halafu njoo uniambie. Alikuwa na arobaini na tano. Alipanda akiwa amepiga magoti, ulimi nje, akarudi na matope hadi kwenye viwiko. "Bibi, yametosha matuta saba. Yamebaki matatu." Kisha akauliza, "Haya matatu niyatupe?"

Nikajibu bila kufikiri, kwa maneno ambayo si yangu. "Baki halitupwi. Lipande pembeni, litashika."

Akaenda akayapanda. Akarudi akanitazama. "Bibi, nani alikufundisha kufundisha hivi?"

Nikamwambia jua limenizidi, wanirudishe ndani.

Ndiyo sababu ninakuandikia.

*

Unakumbuka chumba chetu cha chuo cha ualimu, dirisha lisilofunga? Wewe wa Ntobeye, mimi wa Kirushya. Ulinikuta mwaka wa pili, kiongozi wa wasichana, ukaanza kuniita Dada Mkuu. Sikujali wakati ule. Lakini miaka ikapita, tukakutana tena Biharamulo, mimi Mwalimu Mkuu na wewe mwalimu wa hisabati wa darasa la tatu, na bado uliniita Dada Mkuu. Uliniita hivyo mbele ya walimu, mbele ya wageni wa ofisi ya elimu. Wao walicheka, mimi nikacheka kwa meno. Hukujua kwamba jina lile lilinichoma. Kwako lilikuwa upendo. Mimi nililisikia kama unawaambia watu kwamba umewahi kuniona nikilia kwa maumivu ya jino kule chuoni.

Shule ile ilikaa katikati ya watu wa aina mbili. Kulikuwa na wenyeji, wenye migomba na mihogo yao karibu na barabara. Na kulikuwa na Wasukuma waliotoka Shinyanga na Mwanza na ng'ombe wao, wakajenga mbali porini, boma moja huku, jingine kule. Watoto wao walifika wakiwa wamechoka, miguu imepauka kwa vumbi. Wewe uliwaita kwa majina yao kamili. Mimi niliwaita "wale wa kuja." Niliwaita hivyo ofisini, mbele yako.

Na ulikuwa hukai darasani. Uliwatoa nje na kamba, vigingi na maharage. Mistari minne, mashimo tisa kila mstari, mbegu mbili kila shimo. Mtoto aliyejua idadi ya mbegu kabla hazijaisha kwenye kopo ndiye aliyepewa kumwagilia. Ile haikuwa adhabu, walipigania kumwagilia. Mzee mmoja alikuja kulalamika kwamba hakumleta mtoto shule akalime, jembe analo nyumbani. Ukamwambia, "Mzee wangu, hapa anajifunza kugawanya. Akikua hatagawana shamba lako na ndugu zake kwa panga." Mzee akacheka hadi akasahau kilichomleta. Na mimi, siku niliyopita na fimbo yangu, uliniambia taratibu, watoto wasisikie, "Dada Mkuu, fimbo yako inajua kuzidisha tu. Kugawanya haijui."

Sikuisahau hiyo. Ilikuwa kweli, kwa hiyo sikuisahau.

Minza binti Masanja alikuwa darasa la tatu kwa mara ya pili. Kwangu alikuwa jiwe. Nilikuwa naingia darasani kwako kukagua, namwuliza tano mara sita, ananyamaza, nampiga. Hakulia hata mara moja, nami nikaita ule ukaidi. Wewe ukaniuliza, "Tano za nini, Dada Mkuu? Mwambie tano za nini." Nikakujibu kwamba namba ni namba.

Ndipo ukapanga somo la kisimani. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa na kisima chini ya boma lake, na kando ya kisima mahori ya udongo ya kunyweshea. Minza alikuwa akiwanywesha ng'ombe wale tangu anajua kutembea. Ulitaka aone tano zake.

Lakini uliijua hatari. Kwetu Wahangaza, na kwa Wasukuma vile vile, ng'ombe wa mtu hahesabiwi kwa kidole wala idadi haitajwi mbele za watu. Mwenye zizi anawajua kwa rangi na kwa majina. Jioni anasimama mlangoni, na anajua nani hajaingia bila kutamka namba. Anayeitamka amewaita wapungue. Sisi wawili hatukuamini hilo, tulikuwa tumesoma. Lakini wewe hukuamini na ukaheshimu. Mimi sikuamini na nikadharau. Angalia sasa ni nani kati yetu aliyekuja kuitumia imani ile.

Uliniletea daftari la maandalio ya masomo siku ya Jumatatu, nisaini. Nalikumbuka neno kwa neno. Somo litafanyika nje ya darasa, kisimani kwa Mzee Masanja, kwa ruhusa yake. Zana, mahori na kokoto. Na chini, kwa wino mwekundu: Angalizo, idadi ya mifugo isitajwe, wanafunzi wataje mahori tu, hesabu itamaliziwa darasani kwa maharage.

Nikasoma. Nikaona lilivyofikiriwa vizuri, nikaona wivu, nikasaini.

*

Nimepumzika siku mbili. Naendelea.

Nilikuja nyuma yenu siku ile. Nilisema nakuja kukagua, lakini nilikuja kutafuta kosa. Mahori yalikuwa saba, yamepangwa kwenye mteremko. Ng'ombe walishuka wakajipanga wenyewe kama walivyozoea, watano kila hori, na wawili wakasimama pembeni kungoja zamu. Ukawauliza watoto, mahori mangapi? Saba. Kila hori wanakunywa wangapi? Watano. Ukaishia hapo, kama ulivyoandika. Ukainama kuchukua kopo la kokoto.

Minza alikuwa amesimama na fimbo ya kuchungia begani, anatazama hori la mwisho. Niliona midomo yake inatembea. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyeokota kitu, "Mwalimu, thelathini na tano. Na wale wawili. Thelathini na saba."

Kaka yake aliyekuwa akichota maji aliacha kamba, ndoo ikarudi kisimani. Minza mwenyewe akaziba mdomo kwa kiganja.

Nawe ulinyooka, ukamwendea, ukamwekea mkono kichwani. Ukasema, "Umepata."

Njiani nilikuuliza kwa nini hukumkanusha tu, mambo yakaisha. Ukanitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Nimwambie amekosa? Amepata, Dada Mkuu. Ni mara yake ya kwanza kupata."

Baada ya wiki chache ng'ombe wakaanza kukohoa. Wakasimama wamenyoosha shingo, hawali, kisha wakaanguka mmoja mmoja. Maboma mengine yaliyotumia kisima kile nayo yalipoteza ng'ombe. Masanja alibakiwa na kumi na mmoja. Na ng'ombe wachache wa wenyeji, kando ya barabara, hawakufa. Watu wakasema, mnaona? Wale hawakuhesabiwa. Kilabuni jirani wa Masanja alisema maneno yaliyozunguka kijiji kizima: "Walimtafutia mtoto hesabu. Sasa hesabu imepatikana, ng'ombe hawapo."

Masanja alikuja shuleni amevaa koti lake la kanisani. Alikaa, akakataa maji. Aliniambia, "Mwalimu Mkuu, sikuja kugombana. Nimekuja kuuliza. Nilitoa ruhusa ya mahori. Nani alimtuma mwanangu kutaja zizi la baba yake?"

Swali lilikuwa rahisi na jibu lilikuwa mezani kwangu, kwa wino mwekundu, na saini yangu chini yake. Ningefungua daftari nikamsomea. Nikasema, "Mimi sikumtuma mtu. Mambo ya kutoka nje ni ya Mwalimu Leokadia. Nimemkanya mara nyingi."

Jioni ile niliandika barua kwenda ofisi ya elimu. Ukurasa mmoja. Kwamba uliwatoa wanafunzi wakati wa vipindi bila idhini ya uongozi wa shule, ukawapeleka kwenye makazi ya wafugaji, ukagusa mila na kuhatarisha amani ya kijiji. Sentensi zilikuwa safi. Nilikuwa hodari wa barua, unajua. Walipoomba daftari lako nikajibu kwamba hukuwa umelileta kusainiwa. Nililichoma jikoni kwangu, chini ya chungu cha maharage. Maharage yakaiva, nikala.

Ukahamishwa, shule ya mwisho wa barabara. Siku ya kuondoka uliweka godoro lako kwenye lori la mihogo, ukaja ofisini, ukasimama mlangoni. Ulikuwa umefunga kilemba cha bluu. Ukaniuliza swali moja. "Dada Mkuu, ulisaini au hukusaini?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Ukatikisa kichwa polepole, kama ulivyozoea kufanya mtoto akileta jibu ambalo hata hakulijaribu. "Basi," ukasema. "Minza akirudi shule, mwambie baki halitupwi." Minza hakurudi. Baba yake alikuwa ameshamtoa. Nami sikumtafuta nimpe maneno yako.

Hadi hapo unajua. Ulijua hata siku ile, naamini. Sasa nakuambia usiyoyajua.

*

Kabla ya somo lako, bwana mifugo alikuja ofisini kwangu kwa pikipiki. Alikuwa na haraka, hakuzima hata injini. Akanipa karatasi yenye mhuri. Wafugaji wote walikuwa wanatangaziwa kwamba homa ya mapafu ya ng'ombe imeonekana kata ya jirani. Kwamba chanjo itatolewa joshoni Jumamosi ile. Kwamba mifugo ya maboma tofauti isichanganywe kisimani wala malishoni. Akaniambia, "Mwalimu Mkuu, wenyeji wameshasikia kanisani. Wale wa porini siwezi kuwafikia wote. Wasomee watoto mstarini, wapeleke nyumbani." Watoto ndio walikuwa redio ya kule, kila mtu alijua.

Nikaiweka kwenye droo.

Nimejaribu kwa miaka mingi kujitengenezea sababu. Kwamba nilikuwa na wageni. Kwamba mvua ilinyesha asubuhi, hatukusimama mstarini. Mvua ilinyesha siku moja. Siku nyingine nne tulisimama, nikazungumza habari za kucha na nywele. Karatasi ilikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa. Ukweli ni kwamba niliisahau, na niliisahau kwa sababu ilihusu ng'ombe wa wale wa kuja. Ingekuwa migomba ya Kirushya, nisingesahau.

Jumamosi ya chanjo ikapita. Wenyeji walipeleka ng'ombe wao wachache. Masanja hakupeleka, hakujua. Kwa hiyo siku uliyosimama kisimani na kopo la kokoto, siku ambayo Minza alifungua mdomo, yale yaliyokuja kutokea yalikuwa tayari njiani.

Bwana mifugo alirudi ng'ombe walipokuwa wanakufa. Akaniuliza, "Tangazo lile ulilisoma?" Nikamwambia, "Nililisoma. Hawa watu hawasikii." Akaamini papo hapo. Kila mtu alikuwa tayari kuamini hilo juu yao.

Kwa hiyo Masanja alipokuja na koti lake, nilijua tayari. Nilijua kinachoua na nilijua aliyekificha. Akaniletea kwa mikono yake mwenyewe sababu nyingine, yenye jina lako na jina la binti yake. Nikaipokea. Mimi, niliyecheka imani ile tangu chuoni, nikaipokea kwa mikono miwili kama mgeni apokeavyo chakula.

Daftari lako nililichoma. Karatasi ile sikuweza. Unajua kwa nini? Ilikuwa na mhuri. Nilifundishwa karatasi ya serikali haichomwi, inatunzwa kwenye jalada. Nikaitunza. Imestaafu pamoja nami, imekuja Kirushya ndani ya Biblia, na mistari miwili ya kukunjwa imekaribia kukatika.

Ulipofariki, ndugu zako walinijia. Mkuu wako wa kazi wa zamani, Mwalimu Mkuu mstaafu, rafiki wa chuoni. Nani mwingine angezungumza kwa niaba ya walimu? Nilisimama Ntobeye kando ya jeneza lako nikasema Mwalimu Leokadia alipenda watoto. Nilisema alijituma. Nilisema pengo lake halitazibika. Nilipokaa, nikasikia wanawake wawili nyuma yangu. "Ndiye yule aliyehesabu ng'ombe wa watu kule Biharamulo." Mwenzake akajibu, "Ndiyo maana hakuzaa."

Ningegeuka. Shingo yangu ilikuwa nzima wakati ule. Nilitazama mbele hadi wakamaliza kufukia.

*

Jovina alipouliza swali lake, nilikaa siku tatu nikijifanya nimezidiwa. Siku ya nne nikaomba simu. Mwanafunzi wetu mmoja wa zamani anauza dawa za mifugo sokoni. Yeye ndiye aliyenipatia namba ya Minza.

Alikuja kwa basi, akamalizia kwa bodaboda. Sasa ni mama wa watoto wanne, mpana wa mabega kama baba yake. Alipiga goti mlangoni. "Shikamoo, Mwalimu." Nikajibu marahaba. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba anisamehe. Badala yake nikampa karatasi.

Alisoma polepole, kwa kidole, kama mtu aliyeishia darasa la tatu. Alisoma hadi mhuri. Akaniuliza siku ya somo la kisimani ilikuwa tarehe ngapi. Nikamtajia, maana tarehe ile sijawahi kuisahau. Akatazama ukutani. Nikaona midomo yake inatembea.

"Basi hii karatasi ilikuwa kwenye droo yako siku kumi na moja kabla sijafungua mdomo," akasema.

Nilitaka kumwambia, umepata. Lakini neno lile ni lako.

Akaikunja upya, kwa mikunjo ile ile. Akasema, bila kupandisha sauti, "Baba alikufa mwaka juzi. Tangu siku ile hakuniita Minza tena. Aliniita yule aliyetaja. Hata akiwa mgonjwa akitaka maji: yule aliyetaja yuko wapi, alete maji. Nami nilimletea, Mwalimu, nikiamini hivyo hivyo. Watoto wangu siwahesabu. Wakirudi shule nawatazama sura, mmoja mmoja, naogopa kusema wanne."

Nikamwambia nimeandika kila kitu, nimemwagiza mwanangu kisomwe siku ya mazishi yangu, mahali pa wasifu. Nilidhani hilo ni jambo kubwa. Nilidhani atalia.

Akanitazama kama ulivyonitazama wewe mlangoni. "Ukishakufa ndipo kisomwe? Wakati huo nani atakuuliza swali?" Halafu akasema, "Watasema mgonjwa alichanganyikiwa. Sema mwenyewe, ukiwa unapumua. Useme kule."

Nikamwambia safari ni ndefu, moyo wangu hautaistahimili. Akasema, "Mwalimu Leokadia alikwenda na godoro lake juu ya lori la mihogo." Akachukua karatasi, akaitia kwenye mkoba. Aliondoka bila kupiga goti, na sikuambiwa kwaheri. Uani nilimsikia akizungumza na Jovina. Mtoto alikuwa akimwonyesha matuta. Sijui walisema nini, lakini Minza alichelewa pale kuliko alivyokaa kwangu.

Jana alipiga simu. Hakuniamkia. Amezungumza na mwenyekiti wa kijiji. Mkutano ni Jumamosi, shuleni, kwenye uwanja ule ule tulipokuwa tukiwasimamisha watoto. Mwanangu amekataa, mke wake amelia, daktari amemwita mwanangu uani. Nimewaambia nitakwenda, hata kama ni kwa kulala kiti cha nyuma. Nikifia njiani, karatasi anayo Minza, na nakala ya haya yote ninamtumia kesho kwa basi, asiwe na haja ya kuningoja.

Sitegemei wanisamehe. Sitegemei hata wewe. Ningekuwa wewe, nisingesamehe; ningeuliza tu swali lile lile la mlangoni. Basi nakujibu. Nilisaini, Leokadia. Nilisaini nikiwa nimesoma kila neno, pamoja na lile la wino mwekundu.

Ahadi yangu ni hii. Jumamosi, kabla sijasema lolote juu yangu, nitamwomba Minza anirudishie ile karatasi, niisome kwa sauti kama nilivyoagizwa: Wafugaji wote wanatangaziwa. Nitaisoma yote, na tarehe yake, na mhuri wake. Halafu nitanyamaza ili waniulize, na kila atakayeuliza nitamjibu. Minza akiwa pale, nitasema mbele yao kwamba siku ile mtoto alipiga hesabu akapata, na kwamba mwalimu wake alimwambia kweli.

Lala, mdogo wangu. Yale marando matatu ya pembeni yameshika. Jovina ameniambia asubuhi, nami nimemwambia jina lako.

Ni mimi,
Dada Mkuu